Mnara ukipanda basi: uzi wa bakholi isiyo na waya na rilei zinazotembea

#1 Mzee wa Dishi

Wakuu, salaam.

Kila wiki humu ndani linarudi swali lilelile: "Vijiti vimejaa, lakini hata picha haifunguki. Tatizo nini?" Nimeona niliandikie uzi wake, maana jibu linafika mbali kuliko wengi wanavyodhani, hadi kwenye minara inayopanda basi.

Vijiti vinapima kipande cha kwanza cha safari tu, kutoka simu yako hadi antena. Antena ikishapokea, data ina kipande cha pili, kutoka mnarani hadi kwenye kiini cha mtandao, na hicho hakina kijiti. Mafundi tunakiita bakholi, njia ya nyuma. Mnara unaweza kukumwagia mawimbi hadi simu ikashiba, kumbe nyuma yake kuna bomba jembamba linalogombaniwa na watu mia tatu.

Kwenye bakholi fiba ndiyo mfalme, hakuna ubishi. Ila fiba inataka mtaro, na mtaro unataka vibali, na njiani kuna mto, reli, au mlima wa mawe. Pasipochimbika tunafunga mikrowevu: dishi huku, dishi kule, zinatazamana.

Mimi ujana wangu umeishia kwenye dishi. Masafa yaliyozoeleka ni gigahezi 6 hadi 42. Kiungo kikiwa kifupi na kinataka kasi kubwa tunapanda hadi bendi ya E, yaani 71 hadi 76 na 81 hadi 86. Huko juu nafasi ni tele, lakini mwale unakuwa mwembamba. Dishi la sentimita 60 kwenye gigahezi 80 linatoa mwale usiofika nusu digrii. Ukisafiri kilometa moja, mwale huo una upana wa mita nane hivi. Sasa piga picha mnara unayumba kwa upepo.

Kuna kiungo kimoja sitakisahau. Niko juu, mkanda kiunoni, mita ya volti imechomekwa kwenye redio, spana mkononi. Nazungusha boliti robo duru, nasoma. Robo nyingine, nasoma. Volti ikapanda, ikafika kilele, ikaanza kushuka. Nikairudisha kileleni, nikakaza, nikashuka nikiwa na furaha zangu. Kiungo kikapiga kazi vizuri wiki nzima. Mvua ya kwanza tu, kikazima. Ilinigharimu safari mbili kugundua kwamba nilikaza kwenye mwale wa pembeni. Kila dishi lina kilele kikubwa katikati na vilele vidogo ubavuni, na ukikutana na kidogo kwanza, mita inakudanganya bila aibu. Nilikuwa chini kwa desibeli ishirini na ushee, yaani nguvu pungufu zaidi ya mara mia, kwa hiyo mvua haikukuta akiba yoyote ya kula.

Nawasimulia hilo mjue tunatoka wapi. Dishi mbili zimefungwa kwa boliti, hazisogei, na nusu digrii inatosha kuharibu kazi. Halafu vijana wanakuja kuniambia upande mmoja wa kiungo utakaa juu ya paa la basi!

Na hawatanii. Mwaka 2011, viwango vya LTE (4G) vya 3GPP, chombo kinachoandika viwango vya mitandao ya simu, Toleo la 10, vilileta rilei: mnara mdogo usio na waya nyuma, unaoomba njia kwa mnara mkubwa (tuuite mnara mama) kwa masafa ya simu zenyewe. Mruko mmoja tu, na umesimama palepale. Rilei hizo hazikupata soko la maana. Mwaka 2020 Toleo la 16 likaleta IAB, rilei ya 5G, ambapo nodi (kituo) moja inaweza kumpitishia data mwenzake, naye mwenzake, hadi kwa mama. Toleo la 18, mwaka 2024, likairuhusu nodi ya IAB itembee.

Hoja yangu ni hii, nipingeni. Mtu akisikia rilei inayotembea anadhani shida ni mawimbi: kasi, mvua, Doppler (masafa kuhama kwa sababu ya mwendo). Hayo yana dawa. Kinachouma ni kwamba mtandao wa simu umeandikwa tangu zamani kwa imani kwamba simu ndiyo inayotembea na mnara hausogei. Hiyo imani iko kila mahali humo ndani, hata pale ambapo walioiandika hawakujua kwamba wanaiandika.

#2 Kiroboto

Nimevuta kiti mbele kabisa.

#3 Nahodha7

Mzee, spana yako naiheshimu, lakini hapa naona mnatafuta ugonjwa ili mpate pa kutumia dawa. Modemu moja juu ya paa la treni, Wi-Fi ndani, kila abiria ajiunge. Kitu kipo miaka nenda rudi. Mnara wa nini?

#4 Mama Paketi

Kaka Nahodha, mimi nakaa upande wa kiini, naona kinachoingia kutoka minarani, kwa hiyo ngoja nikujibu kutoka huko.

Wi-Fi inabeba data, sikatai. Lakini simu ikishajiunga na Wi-Fi haiachi kutafuta mnara wake. Nayo imo ndani ya bati, na vioo vya treni za kisasa vimepakwa tabaka jembamba la madini ili kuzuia joto. Tabaka hilo linazuia na mawimbi pia: desibeli 20 hadi 30 zinabaki kiooni. Chukua 25, ambayo ni kugawanya kwa mia tatu na kitu. Simu ikipiga kelele kwa nguvu zake zote, miliwati 200, kinachofika nje hakifiki hata miliwati moja. Ndiyo maana betri inaisha ukiwa safarini hata kama hukuigusa simu.

Halafu kuna jambo ambalo abiria halioni kabisa. Treni ya kilometa 300 kwa saa inakula mita 83 kila sekunde. Kama minara imepangwa kila kilometa moja, basi kila sekunde 12 treni nzima inahama mnara. Watu elfu moja, simu elfu moja, na zote zinaomba makabidhiano, yaani kuhamishwa mnara, karibu kwa wakati mmoja, na kila moja inadhani iko peke yake. Huku kwangu ni wimbi la ujumbe linakuja, linapita, kisha sekunde 12 baadaye lingine. Wengine wanachelewa kujibiwa, na hao ndio simu zao zinakatika.

Rilei ikiwa juu ya paa na seli yake (eneo inalolihudumia) ikiwa ndani ya behewa, abiria hawahami. Anayehama ni mmoja tu, ile antena ya juu.

#5 Nahodha7

Mama Paketi alisema: *"desibeli 20 hadi 30 zinabaki kiooni"*

Hilo la kioo lina dawa rahisi zaidi. Ujerumani na Uswisi wanakwaruza lile tabaka kwa leza, mistari membamba hata jicho haliioni vizuri. Joto bado linazuiwa, mawimbi yanapita. Hakuna umeme, hakuna programu, hakuna wa kulipia leseni. Mambo yameisha.

#6 Mzee wa Dishi

Nahodha, hapo umenikamata, na mimi kama ningekuwa na treni ningeanza na leza kabla ya kitu kingine chochote. Kioo hakiharibiki saa nane usiku ukapigiwa simu utoke kitandani. Lakini leza inatibu kupotea kwa mawimbi. Yale makabidhiano elfu moja ya Mama Paketi yako palepale, tena sasa yanasikika vizuri zaidi.

#7 Masafa_Mafupi

Samahanini wakubwa, mimi bado niko chuoni. Kuna kitu hakiniingii akilini. Kama rilei inatumia masafa yaleyale kuongea na simu na kuongea na mnara mama, inasikiaje wakati yenyewe inasema?

#8 Mzee wa Dishi

Kijana, hilo ndilo swali la kuuliza. Jibu: haisikii.

Tuseme rilei inatoa wati moja kuelekea simu, na kinachoifikia kutoka kwa mama ni desibeli 120 chini ya hapo. Desibeli 120 ni mara trilioni moja. Ni kama kupiga yowe huku unataka kusikia mnong'ono wa mtu aliye ng'ambo ya uwanja. Kwa hiyo inafanya zamu: sasa nasikiliza, sasa nasema.

Utamu uko kwenye namna LTE ilivyozipanga zamu hizo, kwa sababu simu za zamani zilikuwa hazijui habari ya rilei. Simu inatarajia mnara uwe hewani muda wote. Ukinyamaza ghafla, simu itadhani seli imekufa. Sasa, fremu ya LTE ina milisekunde 10, imekatwa vipande 10. Viwango tayari vilikuwa na aina ya kipande kinachoitwa MBSFN, kilichowekwa kwa ajili ya matangazo ya pamoja. Simu isiyohusika na matangazo hayo inasoma kichwa cha kipande tu, kisha inaacha kusikiliza mpaka kipande kinachofuata. Basi rilei inatangaza: "Vipande hivi ni vya matangazo." Simu zinageuka pembeni. Hakuna matangazo yoyote! Rilei inatumia kimya hicho kumsikiliza mama. Kwa mfumo wa masafa mawili, moja la kutuma na jingine la kupokea, vipande visivyozidi 6 kati ya 10 vinaweza kutumika hivyo.

Nimeona ujanja mwingi kwenye kazi hii, ila huu naupenda kuliko yote. Simu inadanganywa kistaarabu mara mia kadhaa kwa sekunde na haijui mpaka leo.

Gharama yake ni kwamba muda unagawanywa. Mruko mmoja kwenye masafa hayohayo, kasi inabaki nusu hivi. Weka mruko wa pili, sasa kuna viungo vitatu vinavyogombania hewa moja, unabaki na theluthi.

#9 Masafa_Mafupi

Ahsante sana mzee. Basi nani anakubali kupoteza nusu?

#10 Kitanzi

Mwenye nusu kubwa. IAB ililengwa zaidi kule juu, gigahezi 28 na jirani zake, ambako kampuni inaweza kuwa na mamia ya megahezi. Nusu ya megahezi 400 inazidi bendi nzima ya wengi kule chini. Na kule mwale unaelekezwa kwa antena nyingi ndogo zilizopangwa kwenye kibao, hakuna boliti, kwa hiyo basi likikata kona mwale unafuata. Mzee anaweza kupumzisha spana.

Doppler nayo watu wanaitisha bure. Kwa kilometa 300 kwa saa, ukiwa gigahezi 3.5, mawimbi yanahama kama hezi 970. Ukiwa gigahezi 28, hezi 7,800 hivi. Inatisha, sivyo? Lakini LTE inatenganisha vijimasafa vyake kwa kilohezi 15, na 5G kule juu inatumia 120. Mara nane huku, mara nane kule. Uwiano ni uleule wa asilimia sita na nusu. Redio haitajua tofauti.

Kinachoua kule juu ni kona ya jengo, lori lililopaki vibaya, na mti wenye majani. Umbali wenyewe pia: kilometa moja hewani tu, gigahezi 2 inapoteza desibeli 98 hivi, na 28 inapoteza 121. Antena za kibao zinarudisha sehemu kubwa ya pengo hilo. Lori halirudishiki.

#11 Kiroboto

"Lori halirudishiki." Naiweka kwenye saini yangu.

#12 Mama Paketi

Sasa nirudi kwenye hoja ya mzee, kwa sababu hapa ndipo mimi ninapolala macho. Kuna mambo manne yanayovunjika mnara ukitembea. Nitaandika zaidi kuhusu moja, mengine nitayagusa.

La kwanza, jina la seli. Kila seli ya 5G ina namba inayotangazwa hewani ili simu izitofautishe, na namba hizo ni 1,008 tu. Kwenye LTE zilikuwa 504. Ukipanga mji, unahakikisha majirani wawili hawagongani. Basi lenye seli linapita jirani na kila mtu. Lazima siku moja likutane na pacha wake.

La pili, eneo la ufuatiliaji, yaani kundi la seli ambamo mtandao unaitafuta simu. Simu iliyolala mfukoni haisemi kitu mpaka ione imeingia eneo jipya, ndipo inajisajili. Basi likivuka mpaka wa eneo na seli yake ikabadilisha tangazo, simu zote zilizolala zinaamka pamoja kujisajili. Wimbi tulilolikimbia kwenye makabidhiano tumelikuta mlango wa nyuma.

La tatu, mahali ulipo. Mtu akipiga simu ya dharura, mtandao unakisia alipo kwa kuangalia yuko kwenye seli gani, na seli gani iko wapi. Seli ya basi iko wapi? Ndiyo maana kwenye Toleo la 18 taarifa ya mahali pa mtumiaji inaambatana na taarifa ya mahali ilipo rilei yenyewe kwa wakati huo.

La nne ndilo kubwa. Nodi ya IAB ina nusu mbili. Nusu moja, MT, inajifanya simu mbele ya mnara mama. Nusu nyingine, DU, inajifanya mnara mbele ya abiria. Akili ya DU haiko ndani yake, iko mbali, kwenye CU, kituo kikuu kinachoongoza DU nyingi. Basi likitoka himaya ya CU moja kuingia himaya ya nyingine, ile nusu ya simu inakabidhiwa bila shida, simu zimekuwa zikifanya hivyo siku zote. Lakini ile nusu ya mnara? Mnara haukabidhiwi. Hakuna aliyewahi kuandika utaratibu wa kumkabidhi mnara.

Kwa hiyo kuna njia mbili. Ama DU inaendelea kushikiliwa na CU ya zamani, na data inazungukia kwa mama mpya kurudi kwa bwana wa zamani, kamba inazidi kurefuka kadiri basi linavyokwenda. Ama nodi inawasha DU ya pili ndani ya chombo kilekile, yenye seli mpya na namba mpya, na kwa muda mfupi basi linakuwa na seli mbili. Abiria wote wanahamishwa kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kisha ya kwanza inazimwa. Hebu mtazame abiria. Hajainuka kwenye kiti. Simu inaongea na antena ileile, umbali uleule wa mita tatu. Lakini kwa vitabu vya mtandao amehama nchi.

Kuna nafuu moja nzuri hapo. Simu ikihama mnara kwa kawaida inapiga hodi kwanza ili ipimwe umbali wake na ijue iwahi kiasi gani kutuma. Hapa umbali haujabadilika, hodi ya nini? Toleo la 18 linaruhusu makabidhiano bila hodi. Ukiwa na watu sabini ndani ya basi, hodi sabini zilizoepukwa si haba.

#13 Nahodha7

Dada, nimesoma mara mbili. Naanza kulegea, ila nina moja. Mimi nimesimama pembeni ya barabara. Basi lenye seli linapita. Simu yangu inaona mawimbi makali kuliko mnara wangu, inarukia. Sekunde tano basi limekwenda, simu inahangaika kurudi. Mmenisaidia au mmenitesa?

#14 Mama Paketi

Ungeteswa kweli. Ndiyo maana seli inayotembea inatangaza alama kwamba inatembea, na simu inayoielewa alama hiyo inaweza kuamua. Simu za zamani haziielewi, kwa hizo inabaki kazi ya wapangaji: nguvu ndogo, antena zitazame ndani. Na kwa mambo haya yote wakaamua kupunguza ukali: nodi inayotembea inahudumia simu tu, hairuhusiwi kuwa mzazi wa nodi nyingine. Mabasi kubebana mtandao kwa mnyororo ilibaki ndoto ya michoro.

Na nikisema la moyoni, mimi nina imani zaidi na njia ya Toleo la 19, WAB. Unaweka mnara mzima ndani ya chombo, akili na yote, kisha viungo vyake vya nyuma vinapita ndani ya kipindi cha kawaida cha data, kana kwamba ni mtu anaangalia video. Nyuma inaweza kuwa mnara wa jirani, inaweza kuwa setilaiti. Hakuna DU ya kurithishana. Inaongeza vichwa vya paketi, yale maelezo ya ziada yanayofunika data, lakini hiyo ni gharama ninayoweza kuihesabu.

#15 Mzee wa Dishi

Setilaiti iwe ya chini lakini. Ile ya kilometa 35,786 inakurudishia jibu baada ya nusu sekunde, na hiyo haina toleo la kuirekebisha.

#16 Masafa_Mafupi

Swali la mwisho kwangu wakubwa. Usiku mabasi yote yanaingia gereji. Arobaini, yamepakiwa ubavu kwa ubavu, kila moja lina seli yake. Si yatauana?

#17 Mama Paketi

Yangeuana, mwanangu, na hakuna abiria hata mmoja ndani. Lakini nodi haifanyi kazi ya mnara mpaka mtandao uiruhusu, na ruhusa hiyo inaweza kuondolewa. Ikiondolewa, DU inafunga seli, ile nusu ya MT inabaki peke yake. Ukiangalia kwenye skrini yangu saa saba usiku, gereji ile ina simu arobaini za kawaida, zimelala.